Daftari la Presha

Kabla sijashuka kitandani
Gilmar ananifunga mkanda mkononi,
anaminya puto, anatega sikio
kama aliyesikia hodi usiku wa manane.
Mia na arobaini na nne, chini tisini na mbili.
Naandika kwa penseli.

Pelotas, mji wetu, ulijengwa kwa nyama ya chumvi.
Walioichinja na kuianika walikuwa watumwa,
na wazee husema mto ulikuwa ukienda mwekundu.
Daktari aliponiambia, "Chumvi usiguse,"
nilicheka peke yangu kwenye basi.
Nyanya wa nyanya yangu aliipaka nyamani
kwa viganja vyenye vidonda.
Chumvi haikuondoka kwetu. Imehamia ndani.

Rosaura alitolewa Ijumaa, saa tano asubuhi,
kwa kuwa daktari wa wakati ule
alikuwa na safari ya ufukweni, na sikukuu imekaribia.
Alisema njia yangu ni nyembamba.
Nani aliyeipima?
Nilisikia mikasi, nikasikia habari za mpira,
kisha mtoto akalia ng'ambo ya pazia la kijani
kama redio ya jirani.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi:
Bi Zulmira, mama mkwe, huyasema haya akinimenyea chungwa,
halafu kisu husimama ghafla,
amekumbuka kwamba mimi ni mzazi wa ganzi.
Hakusudii. Lakini chungwa hunikwama.

Usiku nimelipapasa kovu.
Fupi kuliko nilivyolidhani,
mstari wa fundi aliyeahidi nguo tatu kwa siku moja.
Nikaliuliza: utashika?
Linawasha tu. Hapa kwetu, Julai,
kila kitu huwasha, hata kuta zina ukungu.

Dokta Ivonete hakuangalia saa.
Aliyoyajua aliyasema,
asiyoyajua akasema hayajui.
Kwamba mshono huweza kuachia, mara chache,
na mara chache si kamwe.
Kwamba presha ikipanda, figo na ini
na macho yenye vimulimuli
havisubiri mtu amalize kutamani.
Kwamba kisu nacho hukopesha,
na mimba ijayo ndiyo hudaiwa.
"Sikusukumi," alisema.
Nilitaka anisukume, Mungu anisamehe.
Nilitaka mtu wa kumlaumu.

Gilmar amerudi kutoka kinu cha mpunga,
nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba.
Anapasha maharage yasiyo na ladha,
anakula nami bila kulalamika,
kisha anauliza, mgongo akinigeuzia, akiosha sufuria:
"Wewe mwenyewe unataka nini?"

Miaka mitano swali hilo lilikuwa njiani.

Nataka mwili wangu uulizwe kwanza.
Nataka uchungu uje, nami niwe nyumbani kwangu, ndani ya ngozi hii,
ukunikuta nikitetemeka, unikute.
Chumba cha upasuaji kiwe jirani, taa zake ziwake,
nami nijue idadi ya hatua.
Wakinianzishia, iwe kwa puto, dawa kali zikae kabatini.
Ikigonga mia na sitini, sibishani.
Nitalala chali na kusema: kateni,
na safari hii nitakuwa nimesema mimi.

Nilitafuta kalamu, nikakosa.
Nimeandika kwa kalamu ya nta ya Rosaura, ile ya zambarau,
ukurasa wa mwisho, herufi nene kama za mtoto.
Gilmar akasoma mara mbili,
akatia sahihi pembeni ingawa hakuna aliyemwomba.

Asubuhi mashine imesema mia na hamsini na moja.
Hatukutazamana.
Mtoto akapiga teke, upande wa kulia, juu ya kovu.
Tukakaa kimya dakika tano, kama tulivyofundishwa,
miguu sakafuni, mkono umelala mezani,
tupime tena.